Baraza si mahakama, lakini si kijiwe pia

Kila uamuzi wa baraza fulani unapogonga vichwa vya habari, kauli moja hurudi: "Pale si mahakamani, kanuni za ushahidi hazitumiki." Mwananchi huielewa kwamba anaweza kwenda na chochote. Wakili mchanga huielewa vibaya zaidi, kwamba anaweza kwenda bila kujiandaa. Wote wawili wameshika jambo la kweli, ila wamelishika kwa upande wa makali.

Tuanze na maneno. Baraza la kiutawala ni chombo kilichoundwa na sheria kusikiliza migogoro ya eneo mahususi: kodi, leseni, ajira, zabuni za umma, mafao, uhamiaji, nidhamu ya wanataaluma. Mara nyingi mgogoro ni kati ya mtu na mamlaka ambayo tayari imeamua jambo: imenyima kibali, imefuta leseni, imetoza kodi. Wanaosikiliza ni mwenyekiti, ambaye aghalabu ni mwanasheria, pamoja na wajumbe ambao huenda wakawa mhasibu, daktari, mhandisi au mfamasia. Mabaraza yaliundwa ili mashauri yaende haraka, kwa gharama ndogo, mbele ya watu wanaoijua fani. Nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Sir Oliver Franks ilisema katika ripoti yake ya mwaka 1957 kwamba vyombo hivi vinapaswa kuwa na uwazi, haki na kutopendelea, na kwamba ni sehemu ya mfumo wa utoaji haki, si vitengo vya idara za serikali. Wengi hukumbuka wepesi na kuisahau hiyo sehemu ya pili.

Kusahihisha upya au kukagua usimamizi

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, wakili anapaswa kujua baraza lina kazi gani katika shauri lake. Chukua mfano wa mtihani. Mwanafunzi aliyefeli anaweza kuomba karatasi yake isahihishwe upya na mtu mwingine. Anaweza pia kulalamika kwamba mtihani haukusimamiwa sawasawa: muda ulikatwa, ukurasa mmoja ulikosekana, au msahihishaji alikuwa na ugomvi naye. Haya ni malalamiko mawili tofauti. La kwanza linauliza jibu sahihi ni lipi. La pili haliulizi jibu, linauliza utaratibu.

Mabaraza mengi yana mamlaka ya kusahihisha upya, yaani kuchukua nafasi ya afisa aliyeamua na kufanya uamuzi wenyewe. Huko Australia, katika shauri la Drake la mwaka 1979, mahakama ilieleza kwamba swali mbele ya baraza la mapitio ni kama uamuzi ulikuwa sahihi au ulio bora kwa kuangalia ushahidi uliopo mbele ya baraza, wala si ule tu aliokuwa nao afisa. Mahakama zinapofanya mapitio, kwa kawaida hubaki kwenye utaratibu na uhalali. Lakini yapo mabaraza yenye mamlaka finyu, yanayoweza tu kurudisha jalada kwa afisa ili aamue tena.

Tofauti hii inagusa kila kitu. Kama baraza linasahihisha upya, kutumia saa nzima kumlaumu afisa ni kupoteza muda, kwa sababu hata ukishinda hoja hiyo baraza litauliza: sawa, na jibu lenyewe ni lipi? Hapo unahitaji ushahidi mpya, mashahidi, takwimu. Kama baraza linakagua utaratibu tu, ushahidi mpya huenda usipokelewe kabisa, na silaha yako ni jalada la afisa: nini alikiona, nini hakukiona, sababu gani alizitoa. Fungua kifungu cha sheria kinachotaja amri ambazo baraza linaweza kutoa, ukiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la shauri. Kuomba amri ambayo baraza halina mamlaka ya kuitoa ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na huwapa wapinzani pingamizi la bure.

Siku zinahesabiwa kuanzia lini

Hapa tupite haraka, maana ni hesabu tu, japo ndiyo hesabu inayoua mashauri mengi mazuri. Tuseme uamuzi umeandikwa tarehe 3 Machi, mteja akaupokea tarehe 10 Machi, na sheria inatoa siku 30. Kama siku zinaanza kwenye tarehe ya uamuzi, mwisho ni tarehe 2 Aprili. Kama zinaanza siku ya kupokea, mwisho ni tarehe 9 Aprili, kwa kanuni ya kawaida kwamba siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Wiki nzima imening'inia kwenye neno moja la kifungu. Fungua kwa tarehe ya mapema zaidi, na utunze bahasha yenye mhuri au barua pepe inayoonyesha lini uamuzi ulipokelewa. Ukichelewa, omba kuongezewa muda mara moja na ueleze kila kipande cha ucheleweshaji. Kiapo kinachosema "nilikuwa nashughulikia mambo" bila tarehe hakimsaidii mtu.

Dhana nyingine potofu ni kwamba ukishakata rufaa, uamuzi unasimama. Katika mifumo mingi hausimami mpaka uombe zuio la muda na kupewa. Baraza litataka kuona kwamba rufaa yako ina hoja ya kusikilizwa, kwamba mteja ataumia kwa namna isiyorekebishika kirahisi, na kwamba watu wengine hawataumia zaidi kwa sababu ya zuio hilo. Hiyo ya tatu ndiyo mawakili huipuuza. Kama leseni ilifutwa kwa sababu za usalama, usiende kuomba zuio tupu. Nenda na masharti ambayo mteja atayafuata, uliyoyaandaa mwenyewe.

Mlango mpana, mizani kali

Sasa tufike kwenye ile kauli ya kanuni za ushahidi. Mahakamani ulinzi uko mlangoni: hati isiyofuata kanuni inazuiwa kuingia. Kwenye baraza mlango uko wazi zaidi. Barua, picha ya simu, ripoti ya mtu ambaye hakuja, hata maneno aliyoambiwa shahidi na mtu mwingine, vyote vinaweza kupokelewa. Ila ndani kuna mizani. Kupokelewa kwa hati hakumaanishi kwamba imeaminiwa, na hapo ndipo mashauri hushindwa kimyakimya: wakili ameona vielelezo vyake vyote vimepokelewa bila pingamizi, ameondoka akitabasamu, kisha uamuzi unatoka ukisema "baraza halikuupa uzito ushahidi huo".

Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaonya katika shauri la Consolidated Edison la mwaka 1938 kwamba wepesi wa taratibu za vyombo hivi hauhalalishi uamuzi usio na ushahidi wenye nguvu ya kuthibitisha jambo, na kwamba tetesi tupu zisizoungwa mkono na kitu kingine hazitoshi. Upande wa pili wa sarafu ulionekana mwaka 1971, katika shauri la Richardson dhidi ya Perales. Mwombaji wa mafao ya ulemavu alilalamika kwamba ripoti za madaktari waliomchunguza zilitumika dhidi yake ingawa madaktari wenyewe hawakuja kutoa ushahidi. Mahakama ilisema ripoti hizo zingeweza kubeba uamuzi, kwa sababu zilitoka kwa madaktari waliomwona mgonjwa na kuandika kwa kawaida ya kazi yao, na mwombaji alikuwa na nafasi ya kuomba madaktari waitwe kwa samansi ili awahoji, lakini hakuitumia.

Hapo kuna mafunzo ya kazi. Kama ripoti ya mpinzani inakuumiza, usingoje siku ya kusikilizwa uje kulalamika kwamba mwandishi hayupo. Omba mapema, kwa maandishi, kwamba aitwe. Akiitwa asije, unayo hoja ya uzito. Usipoomba, kutokuwapo kwake kunahesabika kuwa ni uamuzi wako.

Na hati zako mwenyewe? Zipime kama mjumbe atakavyozipima. Nani aliandika, na alijuaje anachokisema? Aliandika lini: siku ya tukio, au wiki moja baada ya mgogoro kuanza? Aliandika kwa kazi yake ya kila siku, au kwa ajili ya shauri? Daftari chafu lenye miandiko mitatu tofauti na madoa ya chai, lililojazwa kila asubuhi kwa mwaka mzima, lina uzito kuliko jedwali safi la kompyuta lililoandaliwa wiki iliyopita. Mawakili wengi hulificha daftari na kulipeleka jedwali, kwa kuona haya. Peleka vyote viwili: jedwali kwa ajili ya kusomeka, daftari kwa ajili ya kuaminika.

Kabrasha

Kabrasha ni mkusanyo wa hati unazoziwasilisha. Mjumbe wa baraza huenda akawa na mashauri kadhaa siku hiyo hiyo. Atakukumbuka kwa urahisi aliopata kuiona hati unayoitaja. Namba za kurasa zifuatane kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuanza upya kwenye kila kielelezo. Kwenye kabrasha la kielektroniki kuna mtego mdogo: ukiacha kurasa nne za jalada na orodha bila namba, ukurasa ulioandikwa 43 utakuwa wa 47 kwenye skrini, na kila unapotaja ukurasa watu watatu wanatazama mahali patatu. Anza namba 1 kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa faili, hata kama ni jalada.

Weka mbele ratiba ya matukio ya ukurasa mmoja: tarehe, tukio, ukurasa wa ushahidi. Kisha muhtasari wa hoja. Muhtasari mzuri unaanza na masuala ambayo baraza linatakiwa kuyaamua, yakiwa mawili au matatu. Yakifika tisa, hujachagua bado. Hati isiyotajwa popote kwenye muhtasari wala ushahidi, iondoe. Kabrasha nene halimtishi mtu, linamchosha.

Mfano mmoja kwa karibu

Tuchukue duka la dawa lililofutiwa leseni baada ya mkaguzi kuandika kwamba jokofu la dawa lilikuwa na nyuzi joto 11 za Selsiasi, wakati dawa zile zinapaswa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Wakili wa filamu angemshambulia mkaguzi kuwa ni mla rushwa. Hana ushahidi wa hilo, na mjumbe mfamasia aliyeketi mbele yake ameshaanza kumwona msumbufu.

Wakili aliyejiandaa amejifunza kwanza jinsi joto linavyopimwa. Hewa ndani ya jokofu hupanda joto upesi mlango ukifunguliwa, lakini dawa yenyewe, hasa ya maji, hupanda polepole. Ndiyo maana vipimajoto vinavyofaa kwa kazi hii huwa na kihisi kilichotumbukizwa kwenye kichupa chenye kimiminika, ili kipime kinachofanana na dawa badala ya hewa. Basi maswali yake ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, ni mafupi, na kila moja lina jambo moja:

"Kipimajoto ulichotumia ulikuja nacho mwenyewe?" "Ndiyo."
"Kilikuwa hakina kichupa, ulikishika hewani?" "Ndiyo."
"Ukurasa wa 22, mstari wa tatu: ulianza kuhesabu dawa ndani ya jokofu saa 4:10?" "Ndiyo."
"Mlango ulikuwa wazi ukihesabu?" "Ilibidi."
"Nyuzi 11 uliziandika saa 4:25, ukurasa huo huo?" "Ndiyo."
"Kuna kipimo kingine cha joto ulichoandika siku ile?" "Hapana."

Hapo anakaa. Swali la saba linamwasha ulimi: "Kwa hiyo huwezi kujua dawa zenyewe zilikuwa na joto gani, siyo?" Likiulizwa, shahidi atapata nafasi ya kujieleza: jokofu lilikuwa na harufu, mota haikuwa inaunguruma, chupa zilikuwa na joto mkononi. Hitimisho hilo ni la wakili, na mahali pake ni kwenye hoja za mwisho, ambako mkaguzi hana tena kipaza sauti.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo hawezi kuliweka akiba. Kama anakusudia kudai kwamba ripoti iliandikwa ofisini siku mbili baadaye, ni lazima amuulize mkaguzi hivyo ana kwa ana. Kanuni hii inahusishwa na shauri la Uingereza la Browne dhidi ya Dunn la mwaka 1893: usimwite mtu mwongo nyuma ya mgongo wake. Mabaraza hayaishiki kwa ukali wa mahakama, lakini tuhuma inayoibuka kwa mara ya kwanza kwenye hoja za mwisho haipati uzito.

Na upande wake una doa. Daftari la joto la duka linajazwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ila Jumapili zote ziko tupu. Mpinzani ataliona. Bora aliseme yeye, kupitia shahidi wake mwenyewe, mapema, na aseme kilichofanyika baadaye kurekebisha. Doa lililotajwa na mwenye shati huonekana dogo.

Mbele ya wajumbe

Mjumbe akikuuliza, jibu swali lake kwanza. "Ndiyo" au "hapana", kisha sababu. "Nitafika huko, mheshimiwa" ni jibu baya, kwa kuwa yeye tayari yuko huko na hatakusikiliza mpaka umfuate. Maswali yake ndiyo ramani pekee uliyonayo ya kile kinachomsumbua.

Wajumbe wataalamu wana utaratibu wao. Mfamasia kwenye jopo ataleta ujuzi wake, na ndiyo sababu amewekwa pale. Lakini kama anaegemea jambo mahususi ambalo halimo kwenye ushahidi, pande zote zinapaswa kuambiwa na kupewa nafasi ya kulijibu. Ukisikia dalili za hilo, omba kwa upole: "Tungeomba kusikia wasiwasi wa mjumbe ili tuweze kuujibu." Ombi hilo hufungua mlango wa hoja ambayo vinginevyo ingeamuliwa chumbani.

Tazama pia mikono. Kama hakuna kinasa sauti na mwenyekiti anaandika kwa kalamu, kasi ya kalamu ndiyo kasi yako. Jibu muhimu la shahidi likipita huku mwenyekiti bado anamalizia lililotangulia, kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya yaliyosemwa, halitakuwapo, na rufaa husikilizwa kwa mwenendo. Panapokuwa na mkalimani, kata sentensi fupi na uache kukanusha mara mbili, "si kweli kwamba hukuwahi kupokea?" likitafsiriwa hutoa "ndiyo" isiyoeleweka na mtu yeyote.

Pingamizi nalo liwe na kazi. La mamlaka na la muda yanaweza kumaliza shauri, kwa hiyo yawekwe mwanzo na kwa maandishi. La herufi iliyokosewa kwenye jina halimalizi kitu. Linaongeza tarehe na kuudhi. Suala la upendeleo ni la pekee: ukijua mjumbe ana maslahi katika shauri, sema siku hiyo hiyo uliyojua. Katika shauri la Dimes la Uingereza la mwaka 1852, uamuzi wa jaji Lord Cottenham ulitenguliwa kwa sababu alikuwa na hisa katika kampuni ya mfereji iliyokuwa upande mmoja, ingawa hakuna aliyesema hisa hizo zilimshawishi. Lakini anayejua, akanyamaza, akasubiri aone kama atashinda, mara nyingi huhesabiwa kuwa ameridhia. Na ombi likikataliwa, omba kukataliwa huko kuandikwe kwenye mwenendo, kisha endelea na shauri bila kununa.

Amri unayoiomba

Hoja za mwisho nyingi huishia na "tunaomba rufaa ikubaliwe". Baada ya hapo mwenyekiti anabaki na kazi ya kutunga amri mwenyewe, na akiwa na mashaka ataandika iliyo salama kwake: jalada lirudi kwa afisa. Mteja aliyekaa miezi kadhaa amefunga duka anarudi mstari wa mwanzo.

Mpe amri iliyokwisha kuandikwa. Kwa duka letu: uamuzi wa tarehe 3 Machi unabatilishwa, leseni inaendelea, ndani ya siku 14 mwenye duka afunge kipimajoto chenye kihisi cha kichupa, joto liandikwe mara mbili kila siku, Jumapili ikiwemo, daftari liwe tayari kukaguliwa wakati wowote. Weka pia ombi mbadala: endapo baraza litaona adhabu inastahili, basi iwe onyo au kusimamishwa kwa muda maalumu, kwa sababu hizi na hizi. Mawakili wengine huogopa ombi mbadala wakidhani ni kukiri kushindwa. Mjumbe aliyekuwa akisita kati ya kufuta leseni na kuirudisha bila masharti, ombi hilo ndilo linampa njia ya katikati anayoweza kuitetea.

Uamuzi ukitoka, usome siku hiyo hiyo kabla ya kumpigia mteja simu. Angalia kama sababu zimetolewa. Kama hazipo na sheria inaruhusu kuziomba, ziombe kwa maandishi. Makosa ya hesabu au ya majina huweza kurekebishwa na baraza lenyewe bila rufaa. Kisha andika tarehe ya kupokea pembeni ya ukurasa wa kwanza, kwa maana saa nyingine ya kuhesabu siku imeshaanza kugonga.